Kihenge Kisicho na Kifuniko

Mtu akisikia kuwa mzee wa miaka sabini na kitu ameketi kuandika uhakiki wa kijiji kilichotengenezwa kwa maboksi, huenda akacheka. Uhakiki, atasema, ni wa riwaya, tamthilia na mashairi. Mimi nimefundisha ualimu sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo, na zana za kufundishia nilizozipima kwa kalamu nyekundu ni nyingi kuliko riwaya nilizosoma. Nimejifunza kuwa kielelezo cha udongo na makopo ni kauli kama kauli nyingine yoyote. Kina mambo kinayoyasema na mambo kinayoyanyamazia, na wakati mwingine husema uongo bila mtengenezaji kukusudia. Kwa hiyo nacho kinastahili kuhakikiwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mwaliko. Walimu wanafunzi watatu, waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Mikumi, walifika nyumbani kwangu Kilosa. Baada ya kuniamkia na kukaribishwa chai, walieleza kuwa wao na watoto wa darasa la sita wameunda kijiji kidogo cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. "Tunaomba Mwalimu uje ukione kabla ya wageni," alisema binti aliyekuwa msemaji wao, "utuambie kasoro zake bila kutuficha." Mwalimu mstaafu haombwi jambo kama hilo mara mbili. Wiki hiyo hiyo nilipanda basi kwa njia ya Ulaya, kile kijiji chetu chenye jina la kuchekesha wageni, nikateremka Mikumi.

Nianze na sifa, maana mwalimu anayeanza na makosa humvunja mwanafunzi moyo, na hata makosa yenyewe hayasikilizwi tena. Kijiji kilikuwa juu ya ubao wa mlango wa zamani, umelazwa juu ya madawati manne. Hakuna kitu kilichonunuliwa. Magazeti ya zamani yalikuwa yamelowekwa katika uji wa unga wa muhogo, yakapondwa na kufinyangwa kuwa vilima, na yalipokauka yakawa magumu kama ganda la kibuyu. Kuta za nyumba zilikuwa maboksi ya sabuni yaliyosilibwa kwa udongo wa kichuguu. Mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya mitende iliyoupa mji huo jina, ilikuwa vijiti vilivyotiwa vichwa vya chupa ya plastiki ya kijani iliyokatwa nyuzinyuzi. Kulikuwa na treni yenye injini ya kopo la dawa ya mbu, mabehewa ya viberiti na magurudumu ya vifuniko vya soda. Vipande vya mpira wa tairi, vinavyookotwa kando ya barabara kuu ya Zambia malori yanapopasuliwa magurudumu, vilikuwa vimechongwa kuwa viatu vya askari. Askari wenyewe niliwahesabu thelathini na mmoja, wote wa udongo, wameshika bunduki za njiti za viberiti.

Mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa na subira, na mtoto aliyechonga viatu thelathini na mbili jozi kasoro moja amejifunza zaidi ya historia. Hilo niliwaambia, nao wakatabasamu. Kisha nikatoa miwani yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa la uwiano. Askari walikuwa warefu kuliko milango ya nyumba, na treni ilikuwa fupi kuliko mbwa. Fundi wa vielelezo huchagua kipimo kimoja na kukiheshimu. Tuseme hatua moja ya kielelezo ni hamsini za ukweli. Basi mtu wa sentimeta 165 atakuwa na sentimeta 3.3, nyumba ya mita 3 itakuwa na sentimeta 6, na Reli ya Kati, ambayo upana wake ni mita 1, itakuwa na sentimeta 2 kati ya chuma na chuma. Kwa kipimo hicho hicho, mwendo wa Kilosa hadi Mikumi, unaokaribia kilometa 80, ungehitaji ubao wa zaidi ya kilometa moja na nusu. Hili la mwisho liliwachekesha, lakini nilikuwa na sababu ya kulisema. Ubao wao ulikuwa umeandikwa "Mikumi 1916", na treni ilikuwa imesimama katikati ya kijiji.

Mwaka 1916 Mikumi haikuwa na treni. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa. Tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu lilikamilika miaka ya 1960. Watoto wa leo, ambao tangu mwaka 2024 wanaona treni ya umeme ikipita Kilosa, wanadhani treni ilikuwapo kila mahali tangu zamani. Mwalimu asipowaambia, nani atawaambia?

Kosa la tatu lilikuwa mapaa. Walikuwa wamenyoosha makopo kuwa bati, na yaling'aa vizuri. Lakini kijiji cha mkulima wa wakati ule kiliezekwa kwa nyasi, na si jambo la urembo tu. Paa la nyasi likiguswa na moto haliachi kitu.

Kosa la nne lilikuwa kifaru kilichotengenezwa kwa kopo la samaki, na juu yake helikopta ya kalamu za wino. Vifaru vilitumika vitani kwa mara ya kwanza huko Ufaransa mwezi Septemba 1916, na havikuletwa katika vita vya huku kwetu. Helikopta ilikuja miaka mingi baadaye. Farasi nao walikuwapo, wanne, na hapo walikuwa na nusu ya ukweli. Wapanda farasi wa Afrika Kusini walifika kweli katika nchi hii, ila mbung'o na maradhi viliwamaliza farasi wao kwa maelfu. Farasi wote mezani walikuwa wamesimama. Anayetaka kusema kweli angewalaza watatu.

Nikawasimulia kwa ufupi jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1916 majeshi ya Dola ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yakiwasukuma Wajerumani kutoka kaskazini. Kundi la Jenerali van Deventer lilichukua Dodoma mwishoni mwa Julai, likafuata reli kuelekea mashariki, likaingia Kilosa tarehe 22 Agosti. Siku nne baadaye Morogoro nayo ikachukuliwa. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli, kwa hiyo waliowafuata hawakuwa na treni ya kubebea chakula. Mwezi Septemba mapambano yakasogea kusini, kuelekea Kidodi na Mto Ruaha Mkuu, yaani nchi hii hii ya Mikumi. Chakula, risasi na dawa vilipita hapa juu ya vichwa vya watu.

Hapo ndipo nilipouliza swali lililonileta. "Wanakijiji wako wapi?"

Walitazamana. Kijana mmoja akajibu, "Wamekimbia, Mwalimu."

Lilikuwa jibu zuri, na kwa historia huenda ni la kweli. Lakini mhakiki hapimi lililo kichwani mwa fundi, hupima lililo mezani. Mezani hapakuwa na dalili yoyote ya watu kukimbia. Hapakuwa na chungu kilichoanguka njiani, wala moto uliozimika, wala njia inayoingia porini. Nyumba zilikuwa safi kama zinasubiri wapangaji. Wanakijiji hawakuwa wamekimbia. Walikuwa wamesahauliwa.

Sikuwalaumu sana, kwa kuwa walioanza kusahau si wao. Nendeni Dar es Salaam mkaitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni kazi ya ustadi. Askari anainamia mbele na bunduki yake yenye singe, na kila anayepita hapo humwona kijana shujaa. Yuko peke yake. Nairobi wana sanamu ya vita hivyo hivyo, ya mwaka uliofuata, kazi ya mchongaji yule yule, na huko kuna watu watatu, mmoja wao mpagazi. Kwetu sisi mpagazi amebaki katika jina la soko tu, Kariakoo, na wengi wanaonunua viazi pale hawajui kuwa jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia laki moja. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mpagazi alipochukuliwa kijijini, jembe lake lilibaki limeegemea ukuta, na msimu ulipofika shamba halikulimwa. Jirani zetu wa Ugogo walipata njaa kubwa kuanzia mwaka 1917, ambayo wao huiita Mtunya. Mvua ilikuwa na lawama yake, lakini majeshi yalikuwa yamekwisha kupita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana.

Wapiganapo tembo, wahenga walisema, nyasi huumia. Watu wa Mikumi, walio jirani na hifadhi, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Lakini katika miaka yangu yote ya kupima vielelezo vya vita nimeona tembo wengi sana wa udongo. Nyasi nimeziona mara moja tu, na siku hiyo sikuzitambua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alichukuliwa mara mbili, kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza, na alikuwa akisema tofauti aliyoiona ni lugha ya matusi tu. Nilipokuwa mtoto nilimwomba kila jioni anisimulie vita, nikitegemea mizinga. Yeye alinisimulia mzigo. Ratili hamsini, alisema, na ukiuweka chini bila ruhusa unapigwa. Alisimulia jinsi walivyolala wameketi kwa sababu ardhi ilikuwa maji. Na alisimulia siku aliyorudi. Hakuanza kwa kusema nani alikuwa hai na nani amekufa. Alianza na vihenge. Vihenge vyote, alisema, vilikuwa wazi. Nilimwuliza kwa nini havikufunikwa, naye akaniambia, "Mjukuu wangu, ya nini kufunika upepo?"

Niliyasikia hayo nikiwa na miaka kama tisa. Nilikuwa nayajua. Hili nalisema ili msomaji asinitafutie udhuru katika sehemu inayofuata.

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi kijana wa historia katika chuo cha ualimu. Ile ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilikuwa kwa foleni, na boksi tupu lilikuwa mali, achilia mbali rangi na karatasi ngumu. Niliwapa wanachuo wangu kazi ya kutengeneza zana ya kufundishia mada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa vitu vya kuokota. Nilikuwa na orodha yangu ya vipengele vya kupimia, nimeipiga chapa kwa mashine na kuigongea muhuri.

Binti mmoja mkimya alileta ubao mdogo. Juu yake palikuwa na nyumba saba zilizoezekwa kwa nyuzi za katani, alizookota, alisema, kwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba. Kulikuwa na wanawake watatu wa magunzi ya mahindi waliovikwa matambara, na kinu kilicholazwa ubavu. Njia moja ilitoka katikati ya kijiji hadi ukingoni mwa ubao, na alikuwa ameichimba kwa kidole mpaka ikawa mfereji, kama njia iliyokanyagwa na watu wengi wakienda na wachache wakirudi. Nyuma ya nyumba ya mwisho kulikuwa na kihenge kilichosukwa kwa mabua. Kifuniko chake cha nyasi kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na ndani hakukuwa na hata punje.

Hapakuwa na askari wala bunduki. Nilizunguka ubao ule nikivitafuta kama mtu anayetafuta funguo. Kisha nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Vita iko wapi? Kihenge hakina kifuniko. Kazi haijakamilika." Nikampa alama 8 kati ya 20. Siku zile mwanachuo habishani na mkufunzi. Alisoma, akasema, "Asante, Mwalimu," akaubeba ubao wake akaondoka. Alipohitimu alipangiwa kituo cha mbali, na sikumwona tena.

Nilipokuwa nimesimama mbele ya meza ya Mikumi, miaka zaidi ya arobaini baadaye, nikatafuta kihenge. Kilikuwapo kimoja, kimefunikwa vizuri kwa kifuniko cha soda chekundu. Ndipo maneno yangu mwenyewe ya kalamu nyekundu yaliponirudia. Nilichokiita kosa kilikuwa ndicho kiini cha kazi yake. Huenda naye alikuwa na bibi au babu aliyemsimulia. Tofauti yetu ni kwamba yeye alimsikiliza.

Niliwaeleza wale vijana kisa hicho bila kupunguza kitu. Walinyamaza. Kisha yule kijana aliyesema wanakijiji wamekimbia akanipa hoja ambayo sitaidharau. "Mwalimu," alisema, "tukiondoa kifaru na askari, watoto hawatakuja kutazama. Kihenge kitupu hakiwavutii."

Ana haki. Mtoto hupenda kinacholia na kinachopiga, na zana isiyotazamwa haifundishi. Hata ule ubao wa mwaka 1983 ungeweza kuhakikiwa kwa haki: labda askari mmoja pale mwisho wa njia angemsaidia mtazamaji asiyejua anachotazama. Vita bila mwenye bunduki nayo ni nusu ya habari, kwa sababu njaa ile haikuanguka kutoka mbinguni. Iliagizwa na watu wenye majina na vyeo. Lakini kuna tofauti kati ya kielelezo kilichopungukiwa na kielelezo kinachodanganya. Cha kwanza kinahitaji nyongeza. Cha pili humfundisha mtoto kuwa vita ni mchezo wa wanaume wenye viatu, ambao ukiisha hukusanywa na kurudishwa kwenye boksi.

Kwa hiyo sikuwaambia waondoe askari. Niliwaambia waweke njia. Niliwaambia wapunguze mapaa ya bati na watafute katani, ambayo Kilosa haijakosa. Niliwaambia watengeneze wapagazi kumi kwa kila askari mmoja, kisha waone kama ubao utatosha. Na niliwaambia wasiogope sehemu tupu, ila waifanye tupu kwa makusudi, mtazamaji aone kuwa kuna kitu kilikuwapo na hakipo. Kihenge kilichofungwa hakisemi kama kimejaa au ni kitupu. Kihenge kilichofunguliwa, kifuniko kikiwa kando, kinamlazimisha mtoto kuchungulia, na akichungulia atauliza.

"Sasa Mwalimu," yule binti aliuliza tulipokuwa tukiagana, "leo ungempa ngapi?"

Nilitaka kutaja namba, maana ni mazoea ya maisha. Sikutaja. Mkufunzi aliyeshindwa kusoma kazi hana cheo cha kuisahihisha upya. Anachoweza ni kukiri kuwa hakuisoma.

Siku ya wazazi nilikwenda tena. Treni walikuwa wameihamishia kwenye ubao mdogo wa pembeni ulioandikwa "Kilosa". Helikopta haikuwapo. Kifaru kilikuwapo bado, kwa sababu, walinieleza kwa sauti ya chini, mtoto aliyekitengeneza alilia. Sikulipinga hilo. Farasi wawili walikuwa wamelala. Njia ilikuwapo, na wapagazi wa magunzi walikuwa wamepangwa juu yake, kumi na tisa, kila mmoja na kiberiti kichwani. Kihenge kilikuwa wazi. Nilimwona mama mmoja, mkulima kwa mikono yake, akipita askari wote bila kusimama, akafika pale, akainama na kuchungulia. Alikaa ameinama kwa muda.

Nawaandikia haya walimu wenzangu walio kazini, hasa wakufunzi. Orodha ya vipengele ni jambo jema, nami nilizitunga nyingi. Lakini mwanafunzi akikuletea kazi ambayo orodha yako haina nafasi yake, usiharakishe kuandika kuwa haijakamilika. Mwulize kwanza. Swali dogo tu, "Kwa nini umekiacha wazi?", lingenitosha mwaka 1983, na lingemtosha yeye. Na wewe mwalimu uliyekuwa binti yule, popote ulipo, kama kitabu hiki kitakufikia: kihenge chako kilikuwa sahihi. Niwie radhi.